Alama ya Rangi ya Kucha

Ile ya zamani ilikuwa nzito kama ng'ombe aliyekataa kuvuka mto.
Silinda moja, pistoni ya mwendo mrefu,
na pembeni gurudumu la chuma la kilo tisini
ambalo shangazi Kalekwa alilizungusha kwa hendeli
akiwa amejifunga khanga mbili kiunoni.
Du. Du. Du.
Mizunguko mia sita kwa dakika: karibu ungeweza kuihesabu
ukiwa juu ya mawe ya Kayenze unaanika dagaa.
Ukimwaga udaga uliokauka mpaka ukalia kama vigae,
haikushtuka. Iliinama kidogo,
gurudumu likaikopesha nguvu ya akiba,
ikainuka.

Ilipopasuka bloku, Bulemo akaleta mpya kutoka mjini,
kwenye guta, imefungwa turubai la bluu.
"Nguvu farasi kumi na mbili!" akasoma kibati
kama anayesoma matokeo ya mtihani wa mwanawe.
Nyepesi. Watu wawili waliibeba wakicheka.
Ikawashwa, ikapiga yowe,
kuku wa Mama Nyanzobe wakahama ua.
Elfu tatu kwa dakika.
Tukamwaga debe la kwanza,
ikazima.

Bulemo akamlaumu muuzaji, akailaumu dizeli, akaulaumu na udaga.
Mimi usiku nilikaa na kile kibati, na tochi ya simu.
Kumi na mbili, ndiyo, lakini zote ziko kule juu,
kwenye yowe.
Nguvu ni mkono mara mwendo;
mwenye mkono mfupi atakimbia sana.
Pistoni yake fupi, kiwiko cha shafti kifupi,
haisukumi hii, inadonoa.
Na sisi tumeivisha puli ya shangazi,
pana kama sinia,
tukaidai mkono ambao haikuzaliwa nao.

Kulipokucha nilikuwa Nyakato, kwa Nkwabi mchonga vyuma.
Akanitolea puli ndogo, kisosi cha chai.
"Hapa unauza mbio, unanunua mkono," alisema,
"ila dalali yupo. Mkanda lazima ule senti yake."

Ikasaga.
Ila kwa kunywa! Faida yote ya wiki
ilitokea kwenye sailensa.

Basi Jumamosi tatu, watu wakidhani nimeanza kuchanganyikiwa:
kopo moja la dizeli, lililojaa mpaka ukingoni,
saa ya simu, madebe, mkaa wa kuandikia ukutani.

Chini kabisa inakohoa moshi mweusi,
joto linakaa ndani mno, linatorokea kwenye kuta za silinda.
Madebe matano na nusu.

Juu kabisa, pale Bulemo anapopapenda,
inameza kabla ya kutafuna,
pumzi haiingii yote, chuma kinasugua chuma,
inajila yenyewe.
Matano. Hayakutimia.

Katikati (si katikati hasa, chini yake kidogo)
sauti ikashuka, ikawa nene,
kama mtu anayeimba akiosha vyombo
asijue kwamba anasikika.
Madebe saba.
Nikarudia. Saba na kibaba.

Nikaazima rangi ya kucha ya Mbula, nyekundu,
nikatia alama kwenye wenzo wa mafuta.
Bulemo aliitazama, akauliza kama mashine inaolewa.

Jana nilikuwa ziwani nasuuza magunia,
maji magotini,
nikasikia inapanda, inapanda, mpaka kwenye yowe.
Foleni ndefu, na kuna mpira saa kumi.
Sikuita.
Nilihesabu thelathini. Arobaini.
Kisha ile sauti nene ikarudi, taratibu,
na nikajua si Bulemo.
Ni shangazi, ambaye macho yake
hayaioni ile rangi hata akiinamia,
ameupapasa wenzo, akauvuta,
akausimamisha palepale.

Nikakamua gunia, nikachukua lingine.